Maji nyuma ya dashibodi: shajara ya mradi

Jumamosi, 8 Machi 2025

Naanza kuandika kwa sababu nimechoka kuhadithia. Kila fundi ananiuliza inalia wakati gani, nami najibu "muda wote", jibu ambalo nikilitafakari si la kweli, na huenda ndiyo maana hatufiki popote.

Gari: hachibeki ya Kijapani ya mwaka 2004, cc 1,500, nimeachiwa na kaka alipohamishiwa Mwanza. Aina yake haina haja ya kutajwa. Ukisimama Tabata Relini dakika tano zitapita saba.

Sauti: maji. Nikifunga breki kwenye tuta, nyuma ya dashibodi upande wa abiria kuna kitu kinakwenda mbele, chubwi, halafu kinarudi taratibu kama kinatafuta pa kukaa. Nikikata kona ya kulia kinahamia kushoto. Asubuhi nikiwasha gari, gulugulugulu kwa sekunde kadhaa, kisha kimya; nikikanyaga mafuta, gulugulu tena. Mke wangu anasema ni kama kupakia dumu lililojaa nusu kwenye bajaji. Mwanangu wa miaka sita anaamini kuna samaki, na hataki kusikia la mtu mwingine.

Historia fupi: mwezi wa pili mpira wa chini wa rejeta ulipasuka Buguruni, kwenye foleni. Fundi wa jirani na pale akabadilisha, akajaza maji ya bomba, akafunga mfuniko, akasema tayari. Nadhani sauti ilianza baada ya hapo. Hilo "nadhani" nalipigia mstari, sina imani nalo sana.

Jumatatu, 10 Machi

Gereji ya kwanza. Kijana amesikiliza sekunde kumi, akafunga boneti.

"Kiongozi, hiyo hedi. Gasketi imeungua, upepo wa silinda unaingia kwenye maji."

Shilingi 420,000, pamoja na kupeleka hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, kuchongwa. Nikamuuliza amejuaje. Akasema ameshayaona mengi.

Simkejeli, anachosema kinawezekana. Gasketi ni kizibo chembamba chini ya hedi; ikiungua kati ya silinda na njia ya maji, gesi ya moto inasukumwa kwenye mfumo wa maji, na viputo vinasafiri mpaka vipate mahali pa kujikusanya. Mara nyingi mahali hapo ni rejeta ndogo ya hita, iliyofichwa ndani ya dashibodi. Sisi wa Pwani tunaisahau kwa sababu hatuiwashi kabisa, hita ni mambo ya Makambako mwezi wa sita. Lakini kwenye magari mengi madogo maji ya injini yanapita humo muda wote. Ukizima hita unafunga tu kilango cha hewa, maji yenyewe yanaendelea na safari yake. Hewa ikinaswa humo utaisikia, hata kama hujawahi kupasha miguu joto tangu upate gari.

Ila gulugulu hiyo haiji na hedi peke yake. Inaletwa pia na maji yaliyopungua, mfuniko wa rejeta uliochoka, au mfumo uliojazwa bila kutolewa hewa. Na mwezi wa pili nilisimama pale Buguruni nikamtazama mtu akijaza maji na kufunga mfuniko papo hapo.

Nimekataa kufungua hedi kwa ushahidi wa sekunde kumi.

Jumatano, 12 Machi

Ukaguzi wa alfajiri, injini ikiwa baridi kabisa. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Mtaani kwetu kuna mzee ana kovu la shingo mpaka kifuani, ukitaka somo hilo atakupa bure.

Stiki ya oili safi, haina rangi ya chai ya maziwa. Chini ya kifuniko cha oili pia safi. Moshi mweupe hakuna. Mipira ya rejeta nimeibinya, laini. Kama gesi ingekuwa inavuja ndani ningeweza kuikuta migumu hata baada ya gari kulala usiku kucha.

Habari ya leo iko kwenye rejeta yenyewe. Kitanki cha akiba kiko nusu, vizuri tu, lakini nilipofungua rejeta maji yako chini ya shingo kwa vidole vitatu. Nikaugeuza mfuniko. Mpira wake wa chini umekakamaa na kupasuka pembeni kama kisigino cha mtu asiyejua mafuta. Mfuniko wa hivyo haushiki mgandamizo, na injini ikipoa hauvuti maji kutoka kitankini kuyarudisha rejetani. Kwa hiyo mtu anaangalia kitanki, anaona yapo, anaenda zake. Nimekuwa mtu huyo kwa mwezi mzima.

Rangi ya maji: chai ya rangi. Kutu. Tunasema maji ya bomba, lakini mtaani kwetu "bomba" mara nyingi ni kisima chenye chumvi.

Nimechora mstari kwenye kitanki kwa maka peni.

Alhamisi, 13 Machi

Mfuniko mpya, maduka ya vipuri ya Gerezani, 15,000. Wa zamani umeandikwa 1.1, muuzaji akanipa wa 0.9, "ni ule ule, braza". Si ule ule. Namba hiyo ndiyo mgandamizo unaoyazuia maji kuchemka yakifika nyuzi 100. Alitafuta dakika kumi akapata wa 1.1 kwenye boksi alilokuwa amelikalia.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya kutoa hewa. Nimemwaga maji ya kutu, nikasuuza mara tatu mpaka yakatoka meupe, ndipo nikajaza kulanti, dawa ya maji ya rejeta, iliyochanganywa na maji tayari, nusu kwa nusu. Mpita njia mmoja (kila ukifungua boneti Dar unapata mshauri) akaniambia kulanti ni ya nchi za baridi. Ya kuzuia maji kuganda, kweli hatuna haja nayo. Ya kuzuia kutu niliyotoka kuimwaga mtaroni, haja ninayo.

Kilima cha kuelekea nyumbani, pua ya gari juu, ili shingo ya rejeta iwe juu ya kila kitu. Jiwe nyuma ya kila tairi. Hita kwenye joto la mwisho, feni namba moja. Mfuniko uko wazi tangu injini ikiwa baridi, naiacha ingurume. Gari hili halina geji ya joto, lina taa ya bluu likiwa baridi na nyekundu likichemka, basi. Hivyo nilitegemea mkono: mpira wa juu ukipata moto ghafla, temostati, kile kilango kinachoruhusu maji kwenda rejetani injini ikishapata moto, imefunguka. (Ipo, nashukuru. Magari mangapi mjini humu yameshang'olewa temostati na fundi aliyeamua kuwa nayo ni ya nchi za baridi?) Nabinya mpira, naachia, nabinya. Viputo vinapanda shingoni, vidogo vidogo, halafu kimoja kikubwa kama yai, maji yanashuka ghafla, naongeza. Shemeji yangu yuko kwenye usukani anashikilia mzunguko wa 2,500, hita ikimpiga usoni, saa nane mchana, naye amefunga. Nimemwahidi futari ya maana.

Dakika 40. Viputo vikakoma. Gasketi ingekuwa imeungua visingekoma, injini ingeendelea kuvileta mpaka tuchoke sisi. Nikafunga mfuniko, nikazima, nikawasha. Kimya. Nikakanyaga mafuta. Kimya. Tulipigana viganja kama waliofunga goli dakika za nyongeza.

Tukashuka kilima. Tuta la kwanza: chubwi.

Jumapili, 16 Machi

Sikulala vizuri. Alfajiri nikarudi kusoma nilichoandika tarehe 8, na jibu lilikuwa pale kwa mwandiko wangu mwenyewe. Gulugulu niliiandika wakati wa kuwasha na kukanyaga mafuta. Chubwi niliiandika kwenye breki na kona. Moja inafuata injini, kwa sababu pampu ya maji inaongeza kasi na injini. Nyingine inafuata mwendo wa gari na haina habari na injini. Ni sauti mbili, zimepanga chumba kimoja, nami nikazipa jina moja. Fundi angenisaidiaje?

Jaribio la kuthibitisha halikugharimu kitu. Injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni. Shemeji (amefuturu, amesamehe) anashika nguzo ya mlango na kulitikisa gari kushoto na kulia. Mimi nimelaza sikio kwenye droo ya dashibodi.

Chubwi. Chubwi. Chubwi.

Pampu haizunguki, hakuna kinachochemka. Maji ya hita yamefungwa kwenye vijibomba vyembamba ambavyo tangu jana vimejaa pomoni, hayana nafasi ya kucheza. Haya yanacheza, kwa hiyo yako mahali papana, penye uwazi juu yake, kama beseni. Na beseni lililopo upande ule ni moja tu, sanduku la AC.

Wahenga walilisema debe tupu kwamba haliachi kuvuma. Lile lililojaa nusu walilisahau.

Jumanne, 18 Machi

Mchana nimetoka kazini kwenda kula, nikapita maegeshoni nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sarafu. Chini ya kila gari lililoingia muda si mrefu kuna kidimbwi upande wa kushoto, nyuma kidogo ya tairi la mbele. Nikaenda kulisogeza langu, nikalizungusha robo saa na AC namba tatu, vioo vimefungwa, nikaliegesha pale pale. Chini yake vumbi kavu. Hata tone.

Hewa ya Dar mwezi huu unaweza kuikamua. AC inaivuta na kuipitisha kwenye evaporeta, ambayo ubaridi wake ni nyuzi chache tu juu ya sifuri, na unyevu unajishika pale kama unavyojishika kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Matone yanashuka mpaka sehemu ya chini ya sanduku, yanatoka kwa kijibomba cha mpira kinachotoboa ukuta wa bati kati ya abiria na injini, yanadondoka barabarani. Yangu hayadondoki. Nimekuwa nayapeleka Posta asubuhi na kuyarudisha Tabata jioni.

Nimepapasa chini ya kapeti upande wa abiria. Juu kavu, sponji ya chini yake ina ubichi pembeni. Kwa hiyo sanduku limeshaanza kufurika kidogo kidogo.

Alhamisi, 20 Machi

Fundi AC: "Hapo lazima tushushe dashibodi, mzee. Siku mbili." 250,000, na gesi juu yake. Nikamuuliza tundu la kutolea maji liko wapi. Akasema liko ndani. Nimeaga kwa heshima.

Jumamosi, 22 Machi

Kwanza nimeondoa shaka ya mvua, kwa kuwa masika ndiyo hayo yananukia. Maji ya mvua yanayoingia chini ya wipa yana njia yake ya kushukia pembeni, kwa ndani ya mafenda. Majani yakiziba njia hiyo, maji yanaweza kuingilia kwenye tundu la kuvutia hewa hadi kwenye feni ya ndani, na sauti yake ukiisikia utaapa ni hii hii. Nimemwaga ndoo ya lita 10 taratibu chini ya kioo cha mbele. Yote yametoka nyuma ya tairi za mbele. Nimetoa viganja viwili vya majani ya mwarobaini hata hivyo, ya kwa kaka hayo.

Halafu jeki, na stendi mbili za chuma. Mawe ni ya kuzuia tairi lisibingirike. Kulala chini ya gari lililobebwa na mawe ni jambo jingine. Nimetandika katoni, nikawasha tochi ya simu.

Kijibomba hakijioneshi. Kiko juu ya reki ya usukani, kimepinda kama kiwiko, mdomo unaangalia chini, upana wa kidole cha shahada. Nilikifikia kwa kupapasa kabla ya kukiona, na kidole changu kilikwenda moja kwa moja kutafuta tundu, hakikulikuta. Kilikuta udongo. Udongo mkavu, uliosawazishwa vizuri, umeviringwa kingo kama mdomo wa chungu.

Nyigu. Wale weusi wenye kiuno cha uzi, wanaojenga kwenye pembe za madirisha na matundu ya soketi. Kaka alipoondoka gari lilikaa uani kwake wiki sita, mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, bila kuwashwa. AC haidondoshi, bomba limekauka, jembamba, lenye giza, halifikiwi na kuku. Kwa nyigu hicho ni kiwanja kilichopimwa. Maana yake sauti ya chubwi ilikuwepo, au ilikuwa inajiandaa kuwepo, kabla mpira wa rejeta haujapasuka Buguruni. Lile "nadhani" la tarehe 8 nalifuta rasmi.

Nimekwangua udongo kwa bisibisi ndogo, mdomoni tu. Kwenda ndani sikutumia waya. Evaporeta ni alumini nyembamba, ukiitoboa kwa waya wa kuanikia nguo unakuwa umeinunua, na hapo ndipo dashibodi itashuka kweli. Wala sikutia upepo wa kompresa, kwa kuwa upepo ungeyarusha maji juu kwenye feni na umeme wake. Nimetumia uzi wa nailoni wa mashine ya kukata nyasi, unene wa milimita 3. Unapinda kwenye kiwiko bila kuumiza kitu.

Nyuma ya udongo kulikuwa na kizibo cha pili, laini: vumbi na nywele zilizolowana zikawa kama pamba. Nikazungusha uzi, nikavuta, nikazungusha tena. Kikaachia.

Hakuna namna nzuri ya kulisema hili. Yaliingia kwenye mkono wa shati, yakapita kwapani, yakatokea mgongoni. Ya baridi, ya kahawia, yananuka soksi. Niliwahi kukinga chupa ya maji ya lita 1.5 iliyokatwa shingo, ikajaa karibu robo tatu kabla ya mtiririko kugeuka tone, tone, tone. Yaliyopita kwapani sikuyapima.

Kwenye katoni, ndani ya tope, nimekuta buibui wadogo watatu. Nyigu huyu huwachoma buibui wakapooza, akawafungia humo na yai moja, mtoto akianguliwa akute chakula. Mwanangu alikuja mbio kuangalia samaki. Nimemwonesha buibui. Ameridhika zaidi.

Shemeji akalitikisa gari. Kimya. Akalitikisa kwa hasira. Kimya.

Kabla ya kufunga nimetoa droo ya dashibodi kuangalia filta ya AC, nijue nywele zile zilipitia wapi. Hakuna filta. Nafasi yake ipo, tupu. Nimempigia kaka. Anasema aliitoa "ili upepo uje vizuri", na kwamba nisimuulize maswali ya gari wakati wa kufuturu.

Jumapili, 23 Machi

Filta mpya, 12,000. Nimewasha AC saa nane mchana, gari limesimama, kikombe cha chai chini ya kijibomba. Dakika 20 kimejaa. Piga hesabu ya Tabata mpaka Posta na foleni ya Buguruni katikati.

Kapeti nimelikunja na kuliacha wazi, magazeti chini ya sponji, milango wazi siku nzima na mlinzi wa kujitolea mwenye miaka sita. Harufu imebaki. Jana usiku nimewasha feni bila AC kwa nusu saa kukausha sanduku, naona inasaidia.

Jumanne, 1 Aprili

Idi pili. Tumempeleka mama mkwe Bagamoyo, AC njia nzima. Mama amekaa mbele, upande wa abiria. Matuta ya Bunju nimeyapanda moja moja nimekaza masikio, sikusikia kitu isipokuwa mama akiuliza mbona naendesha kama nimebeba mayai. Harufu ya soksi hakuiona, au ana adabu.

Tulipoegesha, kijana wa maegesho akaja mbio, ananionesha kwa kidole: "Mzee, gari yako inamwaga maji!"

Nikashuka kuangalia. Kidimbwi, upande wa kushoto, nyuma kidogo ya tairi la mbele. Nimempa elfu moja. Hakuelewa, lakini ameipokea.

Jumamosi, 5 Aprili

Ukaguzi wa alfajiri. Kulanti iko kwenye mstari wa maka peni, haijapanda wala kushuka tangu tarehe 15. Rejeta imejaa hadi shingoni. Gulugulu hakuna, chubwi hakuna. Mdomo wa kijibomba nimeufunga kipande cha wavu wa mbu kwa klipu, maji yanapita, nyigu hapiti. Nitauangalia tena mwezi wa sita, maana vumbi nalo linaweza kuushika wavu.

Imebaki sauti ya kigongo kidogo kwenye droo ya dashibodi, nikipita kwenye mashimo. Hiyo naijua. Niliporudisha droo tarehe 22 skrubu moja ilibaki mkononi, nikaiweka mahali pazuri nisiipoteze, na sasa sikumbuki mahali penyewe.